TCU, NACTVET, CUE au NCHE: chuo ukikagulie wapi kabla hujalipa ada

Nina steshenari hapa Bukoba, fotokopi, laminesheni, passport saizi na maombi ya vyuo, na kuanzia Julai mpaka kwenye Oktoba huko kazi kubwa inakuwa hiyo ya mwisho. Mzazi akikaa tu kwenye benchi swali lake la kwanza ni lile lile, "hiki chuo kimesajiliwa?" Zamani nilikuwa najibu fasta, naingia mtandaoni naona jina nasema ndiyo mama kipo, lipa. Siku hizi sijibu hivyo maana nimeshaona watu wamelipa kwenye chuo kilichosajiliwa vizuri kabisa na bado wakaumia, kwa sababu chuo kilikuwepo ila ile kozi haikuwepo, au kozi ipo lakini kwenye kampasi nyingine.

Na sisi wa Kagera tuna balaa la ziada, Kampala kwetu ni karibu mno kuliko Dar, unavuka Mutukula jioni umefika, kwa hiyo mzazi wa hapa analinganisha chuo cha Mwanza na cha Uganda na kuna madalali wa Kenya nao wanapita. Nchi tatu, mamlaka tofauti, TCU na NACTVET za kwetu, CUE ya Kenya na NCHE ya Uganda, kila moja inatangaza habari za ubora kwa staili yake. Ndo maana nimeona niziweke pembeni kwa pembeni hapa, niseme ipi inakusaidia wapi na ipi itakupotosha usipojua kuisoma.

Nitatumia mfano wa Mama Koku, sio jina lake lakini mwenyewe akisoma atajijua. Mwaka juzi alikuja na karatasi tatu kwenye mfuko wa rambo, binti yake kamaliza form six PCB (fizikia, kemia, biolojia) anataka uuguzi. Karatasi ya kwanza diploma chuo binafsi Mwanza, ya pili digrii chuo cha Kampala, ya tatu digrii chuo cha Nairobi ambacho dalali kasema kina punguzo ukilipa kabla ya Ijumaa. "Mwanangu, niangalizie kipi ni cha kweli." Nikaangalia. Vyote vitatu vilikuwa vya kweli! Hapo ndo kazi ilipoanza.

NACTVET: wenye bei

Hawa ni baraza la elimu ya ufundi, ndio zamani walikuwa NACTE, wakaongezewa na ufundi stadi jina likabadilika. Ukitaka cheti au diploma Tanzania, mlango ni huu, iwe afya, ualimu, biashara, umeme. Kitu ninachowapendea kuliko wenzao wote ni gaidibuku lao la udahili, maana kwenye kila chuo wanakuwekea kozi, sifa za kujiunga, miaka, idadi ya nafasi na ADA. Yaani mzazi anaona kwa macho yake ada ambayo chuo chenyewe kimeipeleka baraza, halafu analinganisha na ile aliyoambiwa na dalali kwenye simu. Nimeshaona tofauti ya laki tatu hapo hapo kwenye benchi, dalali akipigiwa anasema "hiyo nyingine ni ya usajili". Ila kumbuka ada ya kwenye gaidibuku ni ya masomo, hosteli na sare na mambo ya fildi ni hesabu nyingine kabisa, waulize chuo.

Kasoro yao ni lugha ya hadhi. Chuo kinaweza kuwa na usajili wa muda, usajili kamili, halafu kuna ithibati ambayo nayo ina hatua zake, na mzazi wa kawaida hizi zote anazisoma "kimesajiliwa". Kwa lugha ya steshenari ni hivi, usajili ni kwamba chuo kimekaguliwa kimeruhusiwa kufungua milango, ithibati ni hatua ya juu yake ambapo mfumo wa ubora wa chuo chenyewe umepimwa ukakubalika. Sio kitu kimoja na vyuo vinajua kwamba sisi hatujui, kwa hiyo kwenye bango la barabarani wanaandika "kimesajiliwa na kutambuliwa" kwa herufi kubwa na namba ya REG pembeni.

Hiyo namba nayo watu wanaiamini kupita kiasi. REG/HAS maana yake afya, REG/BTP biashara na utalii na mipango, REG/TLF ualimu, REG/SAT sayansi na teknolojia. Inakwambia chuo kimeandikishwa upande gani, haikwambii kwamba mwaka huu famasi wanaruhusiwa kuchukua wanafunzi. Hilo linakaa kwenye gaidibuku la mwaka husika, na mimi sheria yangu hapa ofisini ni kwamba kozi isipokuwemo kwenye la mwaka huu siijazi fomu mpaka nipige simu baraza.

Halafu kuna AVN. Hii wengi wanaijua wakishachelewa. Mtu wa diploma akitaka kuomba digrii lazima awe na hiyo namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET, na namba inatoka kama matokeo yako yapo kwenye mfumo wao. Kama chuo kilikusomesha kozi ambayo baraza halikuijua, miaka mitatu yote hutasikia kitu, mitihani unafanya, mahafali unavaa joho, picha unapiga na bibi, siku unaomba AVN ndo unagundua haupo. Nimeshakaa na kijana wa hivyo hapa, chuo sikitaji, alikaa kimya kama dakika kumi akaniomba maji.

TCU: wenye sifa za kujiunga, ila wanakuchanganya orodha

Tume ya Vyuo Vikuu ilianza 2005, na wanatoa vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya kila mwaka. Cha kwanza ni orodha ya vyuo vikuu na hadhi zao, nani ana hati idhini, nani ana ithibati, nani bado yuko kwenye leseni ya muda, na vyuo vishiriki na vituo vimewekwa sehemu zake. Cha pili ni gaidibuku la udahili wa digrii ya kwanza, moja la form six na jingine la wenye diploma na sifa linganifu. La form six lipo vizuri sana kwa kweli, kila kozi ina namba yake (code), masomo yanayotakiwa, pointi, nafasi na miaka. Ada huku usitegemee kuikuta kama kule NACTVET, hiyo unaifuata kwenye chuo chenyewe.

Sasa mkanganyiko. Mzazi anafungua orodha ya vyuo vikuu anatafuta IFM, hakuna. Anatafuta DIT, hakuna. CBE hakuna. Anakuja mbio "hivi hivi ni vyuo feki?" Hapana jamani. Hizo ni taasisi ambazo sio vyuo vikuu, ziko NACTVET, zinatoa digrii kama kawaida kwa ngazi ya NTA 8 (NTA ni ngazi za tuzo za NACTVET), na kozi zao za digrii utazikuta kwenye gaidibuku la udahili la TCU. Ukiangalia orodha peke yake unakosea, ukiangalia gaidibuku peke yake unakosa kujua hadhi ya chuo. Lazima vyote viwili.

Na umuhimu wa kuangalia kozi badala ya chuo, kumbuka 2017. Julai ile TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, hilo watu wengi wanalikumbuka, ila kilichosahaulika ni kwamba kwenye vyuo vingine 22 zilisimamishwa kozi 75 huku vyuo vyenyewe vikiendelea. Chuo kipo, geti liko wazi, bango linang'aa, kozi yako ndo imepigwa stop.

Ugomvi wangu na TCU na NACTVET wote ni PDF. Mafaili makubwa, kila mwaka jipya, na ya zamani bado yanaelea mtandaoni, kwa hiyo ukisachi na simu unaletewa la miaka minne nyuma na wewe umeshatumia bando kulidaunlodi. Angalia mwaka wa masomo kwenye jalada kabla hujafanya chochote, na usiamini PDF iliyokuja kwenye grupu la WhatsApp hata kama kaituma mwalimu wa binti yako.

Kenya: milango mitatu

Wenzetu huko vyuo vikuu viko CUE, tume yao ya vyuo vikuu, ambayo ilikuja na sheria ya 2012 ikachukua nafasi ya tume ya zamani ya 1985. Vyuo vya ufundi na diploma za ufundi viko TVETA, sheria ya 2013. Halafu kuna KNQA, sheria ya 2014, hao wanashughulika na mfumo wa sifa wa taifa, ngazi na ulinganifu. KUCCPS mnayosikia Wakenya wanaitaja ni ya kuwapangia wanafunzi nafasi, sio ya kukagua ubora, kwa Mtanzania haikuhusu sana.

CUE orodha yao imenyooka. Wanavitenganisha vyuo vya umma vyenye charter (ndo ile hati idhini ya kwetu), vyuo vishiriki, vya binafsi vyenye charter, na vile ambavyo bado vina barua ya idhini ya muda. Na wanaweka mwaka wa kuanzishwa na mwaka wa charter kwenye safu mbili tofauti, kitu ambacho ni kizuri ila nacho kinapotosha kidogo, maana Chuo Kikuu cha Nairobi kinaonekana 1970 na charter 2013, mtu akisoma safu moja anasema kumbe ni chuo cha juzi. Hapana, ile sheria mpya ndo iliyovifanya vyuo vya umma vipewe charter upya.

Lakini kama kwetu tu, orodha ya vyuo ni kitu kimoja na orodha ya kozi zilizoidhinishwa ni kitu kingine. Ile karatasi ya Nairobi ya Mama Koku ilifia hapo. Chuo kina charter safi, nikaingia kwenye kozi zake zilizoidhinishwa, uuguzi sikuuona. Nikampigia dalali nikiwa nimeweka loudspika, nikamuuliza tu mkuu hii kozi iko wapi kwenye orodha ya CUE, akasema mtandao unasumbua atapiga. Mpaka leo.

Kingine cha Kenya ambacho Watanzania hatukizingatii ni mabodi ya taaluma. Chuo kinaweza kuwa na ruhusa ya tume lakini bodi ya wahandisi ikasema hao wahitimu hatuwasajili. Ugomvi wa wahitimu wa uhandisi na bodi yao ulizunguka mahakamani miaka mingi mpaka Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi 2018. Wanasheria nao wana baraza lao lenye orodha yake ya vyuo vyenye leseni. Kwa hiyo Kenya kwa kozi za taaluma unaangalia sehemu mbili, tume na bodi, na kusema kweli hata Tanzania iwe hivyo hivyo kichwani mwako, kwa uuguzi lipo Baraza la Uuguzi na Ukunga na ndilo litakalompa mwanao leseni ya kufanya kazi, sio TCU.

Uganda: wawazi kuliko wote, na wametuogopesha kuliko wote

NCHE, baraza la elimu ya juu la Uganda, ipo kwa sheria ya 2001 na wamefanya kitu ambacho kwa maoni yangu wengine wote wanatakiwa waige. Unaingia unasachi kozi moja moja, unaona imeidhinishwa lini na idhini inaisha lini. Tarehe mbili! Sisi huku tunaambiwa kozi ipo au haipo kwenye gaidibuku, lini ilikaguliwa mara ya mwisho hujui.

Shida ikaja kwenye neno moja. Tarehe ikipita, mfumo unaandika "Expired". Mei 2023 watu wakagundua kwamba kozi nyingi sana zina hilo neno, zikiwemo za Makerere, na taharuki yake haikuwa ndogo, ikafika bungeni, magazeti, wazazi wa huku Kagera wenye watoto kule wananipigia mimi kana kwamba nafanya kazi NCHE. Baraza likatoka likaeleza kwamba maana yake ni kozi imefika muda wa kukaguliwa upya, sio kwamba vyeti vya waliosoma vimekufa, na aliyehitimu tuzo yake ni halali. Sawa. Lakini fikiria HR, yule wa kuajiri, aliyeko nchi nyingine kabisa, anafungua ukurasa anaona digrii ya mwombaji wake imeandikwa imeisha muda kama maziwa, yeye hilo tangazo la maelezo atalikuta wapi?

Hapa ndo nikajifunza kwamba kutangaza habari peke yake haitoshi, neno unalolichagua lina nguvu kuliko tarehe. Wangeandika "inasubiri kukaguliwa upya" kelele zote zile zisingekuwepo.

Basi ile karatasi ya Kampala ya Mama Koku nayo ilikuwa na hilo neno. Mama akataka kuichana pale pale. Nikamwambia mama subiri, tuandike imeili baraza na chuo wote wawili, tuulize swali moja tu, je kozi hii inaruhusiwa kupokea wanafunzi wapya muhula huu? Baraza wakajibu baada ya siku kumi na moja, kwamba chuo kimeshapeleka maombi na yako kwenye mapitio. Chuo wao walijibu siku hiyo hiyo, ila walituma namba ya akaunti ya benki.

Ukisoma nje ya nchi kuna hatua nyingine ukirudi, cheti chako kinapita TCU kwa ajili ya kutambuliwa, ndo maana nawaambia watu wa Mutukula wawasiliane na TCU kabla hawajaondoka, sio baada ya miaka minne na cheti mkononi. Kwa uuguzi unaongeza na lile baraza la taaluma.

Namba za ngazi zisikudanganye

Hii nimeikuta kwa maHR wawili watatu wanaokuja kuprinti hapa. Digrii ya kwanza Tanzania ni ngazi ya 8. Kenya kwenye mfumo wa KNQA digrii ya kwanza ni ngazi ya 7. Kwa hiyo Mkenya akija na saba yake sio kwamba yuko chini ya Mtanzania mwenye nane, ni ngazi zimehesabiwa tofauti. Diploma kwa bahati zote ni 6. Upo mfumo wa Afrika Mashariki ulioandaliwa na IUCEA, baraza la vyuo vikuu la Afrika Mashariki, wale wa Kampala, na wakuu wa nchi Mei 2017 walitangaza jumuiya iwe eneo moja la elimu ya juu, ila mimi kwenye kompyuta yangu bado nafungua websaiti nne.

Na za mbali je?

Haraka haraka, maana wanaoulizia ni wachache. Kuna WHED, hifadhidata ya vyuo vya dunia ya lile shirikisho la kimataifa la vyuo vikuu wakishirikiana na UNESCO, inafaa kujua kama chuo kinatambulika kwao, basi. UNESCO haitoi ithibati kwa chuo chochote, kwa hiyo tangazo likisema "tumethibitishwa na UNESCO" funga hiyo peji. Marekani serikali haikagui vyuo yenyewe, inatambua mashirika yanayokagua, na wizara yao ya elimu ina hifadhidata inaitwa DAPIP ambayo inakuonyesha nani alikikagua chuo na kuanzia lini mpaka lini. Huko matapeli wameenda mbele, wanaanzisha chuo feki NA shirika feki la kukikagua, kwa hiyo swali linakuwa aliyekikagua naye kakaguliwa na nani.

Wapo pia Credential Engine, hukohuko Marekani, wana rejista ya wazi ya vyeti na kozi na kitu walichonifurahisha ni kwamba wametenganisha maneno, kupewa ithibati ni kitu chake, kuidhinishwa chake, kutambuliwa chake, kudhibitiwa kisheria chake, na kompyuta inaweza kusoma hizo taarifa bila mtu kufungua PDF. Ningepata hiyo ya Afrika Mashariki ningefunga fotokopi nikafanya hiyo tu.

Kwa hiyo ukikaa kwenye benchi langu

Form four anayetaka cheti au diploma, nakupeleka NACTVET na tunaanza na ada. Form six anayetaka digrii nchini, gaidibuku la TCU kwanza kwa pointi na masomo, halafu orodha ya hadhi, na kama ni taasisi kama IFM tunarudi NACTVET. Anayekwenda Uganda, NCHE kwa jina la kozi sio jina la chuo, ukikuta tarehe imepita usikimbie ila usilipe, uliza kwa maandishi. Anayekwenda Kenya, CUE au TVETA kutegemea ngazi, orodha ya kozi, halafu bodi ya taaluma. HR mwenye cheti mkononi yeye ni tofauti, asiangalie ya mwaka huu, aangalie kozi ilikuwa na idhini mwaka ule mtu aliposoma, na hapo NCHE ndo ina afadhali kuliko wote kwa sababu ya zile tarehe.

Kuhusu anuani, ile kanuni kwamba ya serikali lazima iishie na go inafanya kazi Tanzania, tcu.go.tz na nactvet.go.tz, lakini CUE ni cue.or.ke na NCHE ni unche.or.ug, msije mkaikataa ya kweli mkaikumbatia ya tapeli. Andika kwa mkono, usibonyeze linki.

Koku alienda Mwanza. Gaidibuku lilikuwa na kozi, nafasi na ada, na ada ilifanana na ya kwenye joining, ile barua ya kujiunga, isipokuwa kipengele kimoja ambacho mama alikipigania akapunguziwa. Sasa yuko mwaka wa pili, NTA 5. Wiki iliyopita mama karudi na mdogo wake Koku, form four, anataka umeme, hajui aende VETA au diploma, na mkononi ana kipeperushi cha chuo kina namba ya REG kubwa kuliko jina la chuo. Nimemwambia akae, nifungue la mwaka huu.